Sheria za mpira: mabadiliko ambayo shabiki wa Bukavu angetaka kuona

Kila mtu aliyekwisha kuangalia mpira kwenye kiwanja cha Concorde, kule Kadutu, anaijua hii dakika. Ekipe moja inaongoza 1–0. Zinabaki dakika kumi. Kipa anaanguka chini peke yake, hakuna aliyemgusa. Mchezaji anayetakiwa kutoka anatembea polepole kama mtu anayesindikiza mgeni. Mpira uliotoka nje haurudi, sababu watoto walio nyuma ya goli nao wana ekipe yao. Mwamuzi, yaani arbitre, anaangalia saa yake ya mkononi, na ni yeye peke yake anayejua inasema nini. Akipiga filimbi ya mwisho, nusu ya kiwanja inasema ameiba, nusu ingine inasema amechelewa.

Kisha watu wanashuka na maneno yao mpaka Ibanda, wengine wanayapandisha mpaka Bagira: “Ingefaa sheria ibadilike.” Lakini sheria gani? Na nani mwenye kuibadilisha? Makala hii inaeleza namna sheria za mpira zinavyotungwa, mabadiliko matano ambayo shabiki wa hapa angeweza kuomba, na yale ambayo yanaweza kuanza Bukavu bila kungoja Ulaya.

Nani mwenye sheria?

Watu wengi wanafikiri FIFA ndiyo inaandika sheria. Si hivyo kabisa. Sheria 17 za mpira ziko mikononi mwa baraza linaloitwa IFAB, lililoundwa mwaka wa 1886 na mashirikisho manne: England, Scotland, Wales na Ireland. Wakati huo FIFA haikuwa imezaliwa bado. Ilizaliwa 1904 na ikaingia katika baraza mwaka wa 1913. Leo baraza lina kura 8. FIFA ina 4 kwa niaba ya nchi zote nyingine za dunia, Kongo ikiwa ndani yake. England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kila moja ina kura 1. Ili sheria ibadilike, zinahitajika kura 6. FIFA peke yake haiwezi, na wale wanne peke yao hawawezi.

Kila mwaka baraza linakutana, na sheria mpya zinaanza tarehe 1 Julai. Kutoka huko zinafika kwa shirikisho la nchi, FECOFA, kisha kwenye ligi ya mkoa, LIFSKI, na mwishowe kwenye entente ya mji. Mwamuzi wa Bukavu, hata kama anachezesha vijana, anafuata kitabu kilekile kinachofuatwa kwenye Kombe la Dunia.

Sheria zimekwisha kubadilika mara nyingi

Mtu akisema “mpira ni mpira, usiguswe”, anasahau kwamba mpira anaoujua umeguswa mara nyingi. Penalti haikuwako mpaka 1891. Sheria ya kuotea, ile ambayo wengi wanaiita hors-jeu, ilikuwa inadai wapinzani watatu mbele ya mshambuliaji. Mwaka wa 1925 wakabaki wawili, na magoli ya daraja la kwanza England yakapanda kutoka 1,192 mpaka 1,703 katika msimu mmoja tu. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika kwenye Kombe la Dunia la 1970, na kubadilisha wachezaji kulionekana huko kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1992 kipa alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Wachezaji watano wa kubadilisha waliruhusiwa 2020, wakati wa korona, na tangu 2022 ni sheria ya kudumu.

Mfano wa karibu zaidi unafundisha jambo moja kubwa. Kwa miaka mingi kipa alikuwa na sekunde 6 tu za kushika mpira mkononi. Nani aliwahi kuona mwamuzi akimwadhibu? Ni mara chache mno, juu adhabu ilikuwa faulo ndani ya eneo la penalti, na waamuzi waliiona ni nzito kupita kosa. Tangu Julai 2025 kipa amepewa sekunde 8, mwamuzi anainua mkono na kuhesabu zile 5 za mwisho kwa vidole, na kipa akipitisha, wapinzani wanapata kona. Muda umeongezwa, adhabu imepunguzwa, na hapo ndipo sheria imepata nguvu. Sheria inafanya kazi pale mwamuzi anapothubutu kuitumia na watu wote wanapoona anachohesabu.

Kipimo cha Concorde

Mabadiliko mengi yanayozungumzwa siku hizi yanahitaji mashine: kamera kumi na zaidi, skrini pembeni ya kiwanja, watu waliofungiwa chumbani wakiangalia picha. Hayo ni mazuri kwa Qatar. Kwa shabiki wa Bukavu kuna swali moja la kuuliza kabla ya kushangilia pendekezo lolote: je, mwamuzi mwenye filimbi, saa, kadi mbili na wasaidizi wawili anaweza kulitumia Jumapili mchana Concorde? Mapendekezo matano yafuatayo yanapitishwa kwenye kipimo hicho.

1. Saa inayoonekana na watu wote

Katika raga, ile ya wachezaji 13 kama ile ya wachezaji 15, mchezo ni wa dakika 80 na saa inasimamishwa mtu akiumia. Kwenye basketi, saa inasimama kila mara filimbi inapolia. Hata futsal, ambayo ni mtoto wa mpira wenyewe, inachezwa mara mbili dakika 20 za saa inayosimamishwa. Mpira wa wachezaji 11 umebaki na saa ya siri iliyo kwenye mkono wa mtu mmoja.

Afrika iliona hatari yake tarehe 12 Januari 2022, kule Limbé, Cameroon, kwenye Kombe la Mataifa. Mali ilikuwa inaongoza Tunisia 1–0. Mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia akapiga filimbi ya mwisho dakika ya 85. Akaendeleza mchezo, kisha akaumaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia. Baadaye alieleza kwamba joto lilikuwa limemzidi nguvu. Mtu anaweza kuugua, si kosa lake. Lakini kama saa ingekuwa mezani, mbele ya macho ya watu wote, ugonjwa wa mtu mmoja usingekuwa ugonjwa wa mechi nzima.

Mwaka huohuo, kwenye Kombe la Dunia la Qatar, waamuzi waliagizwa kurudisha dakika zote zilizopotea, na mechi ya England na Iran ikaongezwa zaidi ya dakika 25 kwa jumla. Wengi wameanza kuuliza: kwa nini tusicheze dakika 60 kamili, saa ikisimama kila mpira ukitoka? Kwa kawaida, ndani ya zile 90, mpira unachezwa kweli muda unaokaribia huo.

Hapa kipimo cha Concorde kinaleta shida ya jua. Bukavu usiku unaingia karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Mechi ikianza saa tisa na nusu, na mapumziko ya dakika 15, inaisha saa kumi na moja na robo. Ikiwa ni ya kombe na kuna dakika 30 za nyongeza, penalti zinapigwa giza likikaribia. Saa inayosimama kila mara inaweza kuipeleka mechi gizani. Kwa hiyo pendekezo linalofaa hapa ni la katikati: saa iwe mezani, ionekane, na isimamishwe kwa mambo manne tu, yaani goli, kubadilisha mchezaji, majeruhi na kadi. Na mwanzo wa mechi uheshimiwe. Saa tisa na nusu iwe saa tisa na nusu, si “tungojee kidogo wakubwa wafike”.

2. Dakika kumi nje

Kati ya kadi ya njano na nyekundu hakuna kitu. Mchezaji akimvuta mwenzake jezi ili kukata shambulio, anapata njano, na mechi inaendelea. Akikusanya njano za kutosha, anakosa mechi ingine, mbele ya ekipe ingine. Maana yake: Muungano ikichezewa vibaya na Bukavu Dawa leo, faida ya adhabu inaweza kwenda kwa ekipe ya tatu ambayo hata haikuwa uwanjani. Aliyeumizwa halipwi.

Raga ililitatua hili zamani: mchezaji anakwenda kukaa nje dakika 10, na ekipe yake inateseka palepale, mbele ya ile iliyoikosea. Wanaocheza handiboli mashuleni wanaijua pia, kwao ni dakika 2. Katika mpira, tangu 2017 IFAB inaruhusu adhabu hiyo kwa vijana, maveterani na ligi za chini, na England inaitumia katika ligi zake za chini tangu msimu wa 2019–2020 kwa wachezaji wanaombishia mwamuzi. Mwaka wa 2024 lilitajwa wazo la kadi ya bluu kwa ligi kubwa, likakataliwa.

Kwa kipimo cha Concorde inapita: inahitaji saa na mtu mmoja mezani. Lakini ina mtego. Ekipe iliyobaki na watu kumi inaweza kulala chini dakika zote kumi, mpaka mwenzao arudi. Ndiyo maana hili la pili halitembei bila lile la kwanza: dakika kumi za adhabu zihesabiwe kwa saa inayosimama mchezaji anapolala.

3. Nahodha peke yake ndiye anayeongea

Filimbi moja, na wachezaji wanane wamemzunguka mwamuzi. Kutoka hapo, benchi linasimama. Kutoka benchi, watu wa nyuma ya fensi. Vurugu nyingi za kiwanjani zinaanza na ile duara ndogo.

Katika raga ni desturi ya siku nyingi kwamba nahodha ndiye anayemwendea mwamuzi. Kwenye Euro ya 2024, kule Ujerumani, UEFA ililileta jambo hilo kwenye mpira: nahodha aje aulize kwa heshima, mwamuzi amweleze, na mwingine yeyote atakayekimbilia pale apate njano. Nahodha akiwa ni kipa, ekipe inamtaja mapema mchezaji mmoja wa ndani awe msemaji. Baadaye IFAB ilifungulia mashindano mengine mlango huo.

Hii haigharimu hata franka moja. Faida yake inakwenda mbali kuliko kiwanja. Leo shabiki wa Kadutu anaondoka hajui kwa nini goli limekataliwa: ni hors-jeu, ni mkono, au ni faulo? Kama mwamuzi anamweleza nahodha kwa sentensi moja, nahodha anaipeleka kwa wenzake na kwa kocha, na dakika mbili baadaye hata mtangazaji wa redio anaijua. Uamuzi unaweza kubaki mchungu. Lakini unakuwa uamuzi wenye sababu, si fumbo, na fumbo ndilo linaloleta mawe.

4. Mtu asilipe kosa la mwenzake

Hakuna nchi yenye haki ya kuomba hili kuliko Kongo. Machi 1974, kule Misri, Ndaye Mulamba alifunga magoli 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na hakuna aliyeifikia hesabu hiyo katika shindano moja mpaka leo. Fainali kati ya Zaire na Zambia iliisha 2–2, ikarudiwa siku mbili baadaye, na Ndaye akafunga yote mawili ya ushindi wa 2–0.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Juni, Zaire ilikutana na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia, mjini Gelsenkirchen. Mechi ilikuwa haijafika nusu saa, na Zaire ilikuwa imekwisha kufungwa mara nne. Katika vurugu ya kupinga goli, Mwepu Ilunga alimpiga teke mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia. Mwamuzi akageuka na kumfukuza Ndaye. Mfungaji bora wa Afrika akatoka nje kwa mguu usio wake. Zaire ikafungwa 9–0. Mwepu mwenyewe akacheza mechi iliyofuata na Brazil, ambapo alitoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa faulo ya Wabrazil. Dunia ilicheka kwamba Waafrika hawajui sheria. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Ilikuwa hasira na malalamiko juu ya namna wachezaji walivyotendewa.

Leo VAR inaruhusiwa kuingilia mambo makubwa manne, na moja ni hilihili: mwamuzi kumwadhibu asiyehusika. Lakini Concorde hakuna VAR. Kuna njia ndogo zaidi ambayo FIFA ilianza kuijaribu 2024, ambapo hakuna waamuzi wa chumbani. Kila kocha ana nafasi mbili za kuomba mwamuzi aangalie picha mwenyewe, hata kama kamera ni chache. Ni afadhali, lakini hata hiyo inadai picha.

Bila picha yoyote, kitu kimoja kinawezekana. Sheria tayari inamruhusu mwamuzi kubadilisha uamuzi wake kabla mchezo haujaendelea. Pendekezo ni kuifanya iwe lazima: kabla ya kadi nyekundu kwa kosa lililotokea katika msongamano, mwamuzi aite msaidizi aliye karibu, wataje namba ya jezi kwa sauti, kisha kadi itoke. Sekunde 20 tu. Na kosa likigunduliwa baada ya mechi, kamati ya nidhamu iwe na siku maalum za kumsafisha asiyehusika, ili kijana asikose mechi tatu juu ya jezi iliyofanana.

5. Goli la ugenini

UEFA ilileta sheria hii mwaka wa 1965, wakati safari zilikuwa ngumu na ekipe za ugenini zilikuwa zinajifungia nyuma. Jumla ikilingana, aliyefunga zaidi ugenini anapita. Mwaka wa 2021 UEFA ikaifuta. CAF mwaka wa 2023 ilikuwa bado inaifuata, na Wakongomani wawili waliionja.

Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga ya Dar es Salaam na USM Alger. Mechi ya kwanza, Dar, Fiston Mayele aliifungia Yanga, lakini Waalgeria wakashinda 2–1. Mechi ya pili, Alger, Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema na Yanga ikashinda 1–0. Jumla 2–2, kila mmoja ameshinda kwa mwenzake. Hakukuwa na nyongeza wala penalti. Kombe likabaki Alger, juu magoli mawili ya Dar yalihesabiwa kuwa na uzito kuliko moja la Alger.

Shabiki wengi wangeifuta leo. Lakini wapo wanaosema ngoja kwanza. Sababu yake ya 1965 haijafa huku kwetu: ekipe ya Bukavu inayokwenda kucheza mbali inajua maana ya kungoja ndege au kulala kwenye boti la Ziwa Kivu. Goli la mtu aliyetoka safari ya namna hiyo si sawa na goli la aliyelala kwake. Na pia, bila hii sheria, mechi nyingi zaidi zitafika kwenye nyongeza, na tunarudi kwenye jua la saa kumi na mbili. Suluhisho moja ni kuifuta na kwenda moja kwa moja kwenye penalti baada ya dakika 90. Mashabiki wa Léopards hawaogopi penalti: tarehe 28 Januari 2024, kule San-Pédro, kipa Lionel Mpasi alipiga ya mwisho mwenyewe na kuitoa Misri 8–7.

Kipi kinaweza kuanza hapa?

Hapa ndipo penye habari njema ambayo wengi hawaijui. Kitabu cha IFAB kinayapa mashirikisho ya nchi ruhusa ya kubadilisha mambo fulani kwa vijana, maveterani, walemavu na mpira wa mitaa: ukubwa wa kiwanja, urefu wa mechi, adhabu ya muda nje, na hata mchezaji aliyetoka kurudi tena ndani. Kwa hayo FECOFA haihitaji kura 6 za baraza. Inahitaji ombi linaloeleweka.

Kwa ufupi:

– Saa mezani inayoonekana: kwenye mashindano ya mitaa na ya likizo, waandaaji wanaweza kukubaliana na waamuzi kuionyesha. Mwamuzi anabaki mwenye neno la mwisho.

– Dakika kumi nje: inawezekana kwa vijana na maveterani, FECOFA ikikubali. Ligi kubwa, bado.

– Nahodha peke yake: njia imefunguliwa tayari. Inadai ekipe zote kuelezwa kabla ya msimu.

– Kutaja namba kabla ya kadi nyekundu: hakuna sheria inayokataza waamuzi kufanya hivyo tangu kesho.

– Goli la ugenini na penalti baada ya dakika 90: ni mambo ya kanuni za shindano, yanaamuliwa na anayeliandaa.

Jambo la kukumbuka ni wakati wa kuomba. Kanuni za shindano haziguswi msimu ukiwa katikati, na kelele za baada ya filimbi ya mwisho hazibadilishi mstari hata mmoja. Zinabadilika kwenye mkutano wa kabla ya msimu, pale wajumbe wa ekipe wanapokaa na karatasi mbele yao. Shabiki haruhusiwi kupiga kura pale. Lakini mjumbe wa ekipe yake anaruhusiwa, na mara nyingi huyo mjumbe ni jirani, ni mzee wa avenue, ni mtu anayekutana naye sokoni Kadutu. Huyo ndiye wa kuulizwa, siku ambayo hakuna mechi.